Mwaka Walipomwamsha Shemeji

Naomba radhi kabla sijaanza. Mwandiko wangu umelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na kuna maneno ambayo mpaka leo sijui kama yanaandikwa kwa h au bila h. Niliishia darasa la saba, na hata huko shuleni nilikuwa wa mwisho kumaliza kunakili yaliyo ubaoni. Atakayezipiga chapa karatasi hizi amesema ataninyooshea tahajia, nami nimemwomba asiguse kitu kingine. Nimechelewa kuandika kwa sababu naandika polepole, na kwa sababu nilikuwa na hasira. Hasira bado ipo. Ila mwezi huu tumemzika dada yangu, na nimeona nikiendelea kungoja hasira iishe ndipo niandike, sitaandika kamwe.

Kuna watu wawili humu ambao majina yao hamtayasoma. Mmoja ni dada, mwingine ni mume wake, shemeji yangu. Kwetu mtu akifa, jina lake linawekwa kando. Halitajwi nyumbani kwake, wala halitamkwi mbele ya mama yake, mke wake au watoto wake. Kama kuna mtoto wa jirani mwenye jina hilohilo, anatafutiwa jingine la kuitwa akiwa pale. Tunasema baba wa fulani, au yule wa nyumba ile, na kila mtu anaelewa. Najua siku hizi wapo wanaotaja, hasa waliokaa sana mjini, na kanisani mchungaji hutaja. Sigombani nao. Naandika habari za boma la dada yangu, kule juu Nainokanoka, ambako mambo yalikuwa hivyo na yako hivyo hadi leo.

Mwaka ninaoueleza ni ule wageni waliporudi baada ya korona. Kwa muda mrefu Karatu ilikuwa imenyamaza. Magari ya safari yalifunikwa maturubai nyuma ya nyumba, madereva wakateremka Mang'ola kulima vitunguu, na wauza vinyago wakawa wanacheza drafti kutwa nzima kwa vizibo vya soda. Halafu barabara kuu ikajaa tena magari yanayopanda kwenda geti la hifadhi. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, wa kutazama chini nikisemeshwa, nikapata kazi kwenye kampuni moja ya safari. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, vyumba viwili na jiko, na kila kitu mle, hata chai, kilikuwa na harufu ya simenti. Chumba cha mbele alikaa mwenye kampuni, mama mmoja mnene, mwenye sauti, tuliyemwita Madam Neema. Chumba cha nyuma alikaa Deo, kijana wa Arusha mjini, na kompyuta zake. Aliwasha feni hata kwenye ile baridi ya mwezi wa saba, anasema kompyuta ndizo zinazosikia joto. Jikoni alikuwapo Paskalina, dada wa Kiiraqw kutoka Kansay, ambaye alitupikia makande mchana na kutusema wote bila kubagua.

Kampuni ilikuwa na blogu. Kwa asiyejua, ni kurasa za kwenye mtandao ambamo mtu anaandika habari, na wageni wakiwa kwao Ulaya wanazisoma kabla hawajaamua waje na nani. Zile kurasa ziliandikwa zamani, kabla ya korona, na zilikuwa zimechakaa. Deo aliajiriwa kuziamsha. Ndivyo mwenyewe alivyoita kazi ile, kuamsha makala. Siku yangu ya kwanza alinigeuzia kiti na kunieleza, huku akila karanga.

"Sikia, Nai. Mtu yuko kwao, anaandika kwenye mashine ya kutafutia: kutembea kwa miguu kreta ya Empakai. Inatoka orodha ndefu. Unadhani anaisoma yote?"

"Sijui."

"Hasomi! Anagusa ya kwanza, ya pili, basi. Ukiwa chini wewe ni marehemu. Sasa sisi zamani tulikuwa juu. Korona ikaja, tukanyamaza, wenzetu wakaandika, tukashuka. Dawa yake si kuandika mapya. Unachukua ya zamani yaliyowahi kupendwa, unayapangusa vumbi. Unabadilisha mwaka kwenye kichwa cha habari, unaongeza maswali watu wanayouliza siku hizi, unatoa yaliyopitwa, unaweka tarehe ya leo. Mashine inaona kitu kibichi, inakupandisha."

"Na mimi nafanya nini?"

"Wewe unajua Kimasai na unajua huko juu. Unaniambia nini kimebadilika."

Ndiyo kazi niliyofanya. Makala ikisema daraja fulani limekatika, napanda kuangalia kama limetengenezwa. Ikisema kambi ina maji, naenda kufungua bomba. Jioni narudi na karatasi yangu, naandika sentensi mbili tatu, na Deo anasimama nyuma yangu akicheka: "Nai, unaandika au unachonga?" Sikuichukia kazi. Niliipenda, nasema kweli. Kwa mara ya kwanza kitu nilichokiona kwa macho yangu kilikuwa kinaandikwa mahali, na watu wa mbali wanakiamini.

Deo alizoea kusoma kwa sauti alichoandika, anasema sikio linakamata makosa ambayo jicho linayaruka. Asubuhi moja nilikuwa nakusanya vikombe nikasikia jina la shemeji likitoka chumba cha nyuma. Kichwa cha habari kilikuwa Kutembea Empakai na Fulani. Naandika Fulani, wao waliandika jina. "Fulani atakupokea kwa tabasamu lake," Deo akasoma. "Muulize Fulani habari za usiku aliofukuza chui kwa tochi. Ukifika Nainokanoka, boma lake liko kando ya barabara, taja jina tu, kila mtu anamjua." Alisoma taratibu, anarudia jina kila mahali, kwa sauti kavu ya mtu anayeita mbuzi. Shemeji alikuwa ameshazikwa. Alikufa kwa maumivu ya tumbo wakati wageni hawapo, na kampuni hii ambayo aliiongozea wageni miaka yote ile, yeye na punda wake, haikumtuma hata dereva mmoja kuja kutupa pole. Na sasa nilikuwa nimeshika vikombe vyao, nasikia kwamba atanipokea kwa tabasamu lake.

Niliingia jikoni nikasimama. Paskalina alikuwa anapepeta maharage.

"Umeona nyoka?" akaniuliza.

Nikamweleza kwa sauti ya chini. Yeye hana sauti ya chini. Aliweka ungo, akasimama mlangoni kwa Deo. "Wewe, huyo unayemsoma amekufa. Ni shemeji wa huyu mtoto."

"Eh! Amekufa?" Deo akageuka. "Mbona ukurasa hausemi?"

Nimelifikiria swali lile miaka yote hii, na kila nikilifikiria damu inanipanda. Alikuwa ametazama picha ya mtu, akaliandika jina lake mara nyingi kuliko mama yake alivyowahi kumwita kwa siku moja, na hakufikiri kumuuliza mtu yeyote kama yu hai. Mimi nilitumwa kuangalia madaraja na mabomba. Habari za mtu ndizo hazikuhitaji kuangaliwa. Hata hivyo sikumchukia Deo siku ile. Alinipa pole, uso umemshuka, akasema atamwambia Madam. Akamwambia. Madam akajibu kwamba ukurasa umeshapandishwa, msimu unaanza, tusubiri kidogo tuone.

Tuliona. Ukurasa ule ulipanda kama moto wa nyasi kavu, na sababu yake Deo alinieleza mwenyewe. Wageni wa zamani walikuwa wamemsifu shemeji sehemu nyingi mtandaoni kwa jina lake, na wengine waliowasikia walikuwa wanamtafuta yeye, siyo Empakai. Waliandika jina, mashine inatafuta jina, na ukurasa wetu ndio uliokuwa na jina hilo kwenye kichwa, kwenye aya ya kwanza, chini ya picha, kila mahali. Picha yenyewe ilikuwa nzuri, hilo siwezi kukataa. Shemeji yuko mbele, shuka jekundu, anacheka na mtu asiyeonekana. Nyuma yake dada ameshika birika.

Jumapili moja nilikuwa kwa dada. Ukungu ulikuwa umeondoka, jua limetoka vizuri, na yeye alikuwa anakandika ukuta kwa samadi, mikono imejaa mpaka kwenye viwiko. Tulikuwa tunaongea habari za ng'ombe mmoja aliyekataa kunyonyesha. Mama yake shemeji, Koko, alikuwa ameketi akiota jua na miguu ameinyoosha. Gari likasimama barabarani. Dereva akashuka, kijana mgeni ambaye sikumjua, ila mlangoni mwa gari palikuwa na alama ya kampuni yetu. Akaliita jina. Mbwa wakabweka. Akaliita tena, kwa furaha, kama mtu anayemwita rafiki aliyelala. Koko akavuta miguu yake akaikunja.

Mtoto wa dada, Lemayian, alikuwa na miaka minne. Baba yake alipoondoka hakuwa anasema vizuri, na tangu hapo jina lile halikutamkwa tena ndani ya boma. Akamvuta mama yake shuka. "Yeyo, nani huyo wanayemwita?"

Dada aliendelea kukandika ukuta. Dereva alishafika. "Habari za hapa, mama. Tunamtafuta mwenyeji." Na jina tena.

"Hayupo," dada akasema.

"Ameenda mbali?"

"Mbali."

"Leo atarudi?"

"Harudi."

"Basi kesho?"

Msishangae kwamba dada hakusema tu amekufa. Jina lilikuwa limeshaitwa. Kusema amekufa ilikuwa sawa na kulipokea jina lile na kuliingiza ndani ya boma, mbele ya mama mtu. Kwa hiyo alisema hayupo, na akasema tena hayupo. Dereva akaenda kuongea na wageni wake kwa Kiingereza, akarudi anatabasamu. "Wanasema watasubiri kidogo. Wametoka mbali sana kwa ajili yake."

"Wasisubiri."

"Hawana shida, mama. Wana chakula chao."

Wakasubiri. Wazungu wawili, mume na mke wa makamo, walikaa kwenye kivuli cha gari wakafungua maboksi yao, wakala paja la kuku na yai la kuchemsha, wakimsubiri shemeji yangu. Mume alikuwa na kitabu cha ndege anafungua kurasa. Walitupungia mkono. Dada akanawa samadi, akaingia ndani kuchochea moto. Nikamfuata nikamkuta anamimina maziwa kwenye sufuria.

"Unafanya nini?"

"Nawapikia chai. Ni wageni," akasema, wala hakuniangalia.

Aliwapelekea chai kwa birika lilelile la kwenye picha. Yule mama wa Kizungu akalitambua. Akatoa simu akamwonyesha dada, akawa anacheka, anaonyesha birika, anaonyesha dada, anaonyesha shemeji, na analitaja jina kwa kulivunjavunja. Hapo nikamshika dereva mkono, mimi ambaye sijawahi kumshika mwanamume mgeni mkono, nikamvuta nyuma ya gari nikamwambia. Akashtuka. "Sasa mbona hamkusema tangu mwanzo?" Wakaambiwa. Yule mama alilia, kwa kweli alilia, akamwendea Koko kumpa pole huku simu iko mkononi, na Koko akauona uso wa mwanawe unacheka kwenye kioo, mkubwa na unang'aa. Hakupiga kelele. Aliinuka kwa kushika ukuta mbichi, akaingia ndani akalala na uso ameugeuzia ukutani, na hakula siku ile wala iliyofuata. Alama za vidole vyake zilikauka pale ukutani, na dada hakuzikandika.

Sina hasira na yule mama wa Kizungu. Alidanganywa na ukurasa. Hasira yangu iliteremka nami hadi Karatu, na Jumatatu ikapanda nami ngazi za ofisi. Niliingia chumba cha mbele bila kubisha. Sikuwahi kusimama mbele ya Madam Neema na kuanza kuongea mimi. Nilimweleza yote, nikaeleza tena. Alinisikiliza, hilo nampa. Alivua miwani.

"Pole sana, mwanangu. Kumbe kosa ni kwamba ukurasa unasema yu hai. Tutarekebisha. Tutaandika kwamba amefariki, tuandike vizuri, kwa heshima."

"Madam, shida ni jina. Na picha."

"Jina lina nini?" Akageuka akaonyesha ukutani, ambako marehemu mume wake alikuwa ndani ya fremu yenye maua ya plastiki. "Huyu namtaja kila asubuhi nikiingia. Usipomtaja mtu wako, umemtupa."

"Sisi hatumtupi. Tunamwacha apumzike."

"Ndivyo mnavyosema nyie. Lakini wageni wanaingia kwa jina lake. Nikilitoa, nimefunga mlango. Mnataka nifunge ofisi?"

Paskalina alikuwa ameleta chai na hakutoka. "Si uwawekee jina la huyo wako basi, Madam," akasema. "Na ramani ya nyumbani kwako. Waje wamwulizie wakati unakula."

"Paskalina, rudi kwenye makande yako."

"Naenda. Makande hayana dhambi."

Marekebisho yalifanyika wiki hiyohiyo. Deo aliandika kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni wa ndani. Kichwa kipya kikawa Buriani Fulani. Chini yake Maisha ya Fulani, kisha Fulani Alipenda Nini, kisha Tembea Njia ya Fulani Pamoja Nasi. Jina ambalo zamani lilikuwa kwenye kichwa kimoja sasa lilikuwa kwenye vyote. Maelekezo ya kwenda kwenye boma waliyaondoa, na hilo ndilo Madam alilolihesabu kuwa heshima. Mwishoni pakawekwa kitufe cha kulipia safari.

Dada aliniita nikamsomee. Alikuwa nje anashona shanga, mchana, Koko yuko kwa jirani na Lemayian yuko kwa ndama. Nikafungua simu, nikawa nasoma Kiswahili kile na kukigeuza Kimasai palepale, polepole kama kawaida yangu, na kila nilipofika kwenye jina nikawa nanyamaza, kisha naendelea. Nikasoma, nikanyamaza. Nikasoma maneno mawili, nikanyamaza.

"Mbona unanyamaza sana?" dada akauliza. "Hujui kusoma?"

"Najua. Ni kwamba ndipo lilipo."

"Kote huko?"

"Kote."

Akasimamisha sindano. "Endelea." Nikaendelea. Ilifika mahali nilinyamaza zaidi kuliko nilivyosoma. Dada alikuwa anasikiliza ukimya ule kwa makini, kama anamsikia mtu anakanyaga majani nje ya boma. Nilipomaliza alikata uzi kwa meno. "Alipenda nini? Hapo walipoandika alipenda nini, walisema nini?"

"Wamesema alipenda ndege, na machweo, na kukutana na watu wa mataifa yote."

"Ndege?" Alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Alipenda nyama ya mbavu na redio ya mpira. Walimuuliza nani?" Halafu kicheko kikaisha na akaniambia kwa utulivu kabisa: "Nenda ukawaambie wafute. Usirudi kuniambia wamerekebisha. Rudi uniambie wamefuta."

Sikuwahi kurudi na neno hilo. Kila nilipopanda alikuwa ananiuliza kabla ya salamu, "Wamefuta?" nami natikisa kichwa. Niliwaomba ofisini hadi wakaacha kunijibu. Huzuni inapendwa kuliko chui na tochi; ule ukurasa wa buriani ulisomwa kuliko wa kwanza. Ukafika juu kabisa. Siku ulipofika, Madam alinunua kreti ya soda na keki yenye maua ya bluu, akatuita wote chumba cha mbele. Alishukuru Mungu. Alimshukuru Deo. Akasema pia tumshukuru marehemu, na akalitaja jina, na watu wakapiga makofi. Walimpigia makofi. Nilikuwa nimepewa kipande cha keki kwenye leso ya karatasi. Nikakirudisha kwenye sinia, taratibu, nikasema, "Huyo mnayemla siyo wenu," nikachukua shuka langu nikatoka. Hakuna sentensi nyingine niliyowahi kuisema mbele ya watu wengi kiasi kile. Nyuma yangu nilimsikia mtu akiuliza, "Amesemaje?" na Paskalina akijibu, "Amesema mmeze polepole."

Deo alinikuta kwenye ngazi. Harufu ya simenti ilikuwa kali, chini walikuwa wanapakua lori.

"Nai, sista, ningeweza kuufuta. Ni kubonyeza tu."

"Bonyeza."

"Nitafukuzwa."

"Mimi nimejifukuza, unaniona nimekufa?"

Akaangalia viatu vyake. "Na hata nikifuta haitasaidia. Kampuni nyingine Arusha wameshanakili. Wameona unapendwa, wameuchukua wote, picha na maneno. Mmoja amebadilisha kidogo, kasema yu hai."

Niliteremka nikapita katikati ya mifuko ya simenti.

Msimu ule haujaisha dada akahama. Maelekezo yalikuwa yameondolewa kwenye ukurasa wa kampuni yetu, lakini kwenye zile za kunakiliwa yalibaki, na magari yaliendelea kusimama. Wengine walileta maua. Mmoja alileta fremu yenye ile picha. Koko alianza kwenda kujificha kila akisikia injini, hata injini ya lori la mahindi. Basi dada akabomoa, akajenga nyumba nyingine ndani kabisa, nyuma ya kilima, mahali gari haliwezi kufika. Maji yakawa mbali. Nilimsaidia kubeba nguzo. Alifanya kazi ile bila kulalamika, na hilo lilinikasirisha zaidi kuliko kama angelia, maana nyumba aliyoiacha ndiyo waliyoijenga wawili alipoolewa.

Mwaka huu alishikwa na kifua. Siwezi kusema ukurasa ndio uliomuua, nisije nikasema uongo nami nikawa kama wao. Nasema tu kwamba nyumba ya zamani ilikuwa kando ya barabara, na ya pili ilikuwa nyuma ya kilima, na wanaume walipomtoa kwa machela ya blanketi, mvua inanyesha, njia ilikuwa ndefu. Alifika barabarani, pale boma la zamani lilipokuwa, wakamlaza chini kusubiri gari. Magari mawili ya wageni yalipita yamejaa, yanakwenda kasi. La tatu lilisimama, la mtu wa mbolea. Hakufika nalo mbali.

Baada ya mazishi niliifungua simu. Nilijua nitakachokiona, lakini nilitaka nikione. Mwaka mpya umewekwa kwenye kichwa cha habari. Tarehe ni ya juzi. Kuna maswali mapya ya watu wa siku hizi na majibu yake. Deo aliondoka zamani, sijui nani anaifanya kazi ile sasa, labda siku hizi inajifanya yenyewe. Na picha ni ileile. Shemeji anacheka, na nyuma yake dada ameshika birika. Wameongeza maandishi chini ya picha ambayo zamani hayakuwapo: mke wake bado anawakaribisha wageni kwa chai. Na jina la dada wameliweka. Sijui walilitoa wapi. Sasa wako wawili.

Nimepanda ngazi zile tena wiki iliyopita. Duka la simenti liko, ofisi imehamia sehemu nyingine, mlango una kufuli. Nitawatafuta, Karatu si kubwa. Hao wa Arusha nao nitawafuata. Lemayian yuko shuleni sasa, darasa la tatu, na wameanza kuwaonyesha kompyuta. Anajua kusoma, na anasoma haraka, siyo kama mimi. Siku moja ataandika Nainokanoka kwenye mashine ile.

Kwa hiyo ninyi mliosoma hadi hapa, nawaomba mniandikie. Aliyewapa karatasi hizi atanifikishia. Hata kama mwandiko wenu ni mbaya, mimi wangu mmeambiwa ulivyo. Mkitafuta habari za Empakai mkamwona mtu wa shuka jekundu anacheka, na mwanamke nyuma yake ana birika, niambieni ni ukurasa wa nani, niwafuate mmoja mmoja. Msiniandikie majina yao. Andikeni tu kwamba mmewaona, na ni wapi.